Mtoto Mwenye Usonji Asifichwe

Sisi tuwahudumiao watoto wenye usonji hatuna dawa ya kuuondoa. Kazi yetu ni kufundisha kidogo kidogo. Mtoto asiyesema twampa picha ya maji. Akitukabidhi, papo hapo twampa maji. Huenda zikapita siku nyingi kabla hajafahamu kuwa picha ile ni ombi lake. Siku afahamupo, kilio hupungua, na nyumba nzima hupumua.

Kitusikitishacho si uzito wa kazi, bali ni kuletewa watoto waliokwisha kufichwa ndani miaka mingi. Mara husingiziwa jini, mara hulaumiwa mama. Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii mwaka 1943, walitokea baadaye wataalamu waliodai kuwa huletwa na mama asiyempenda mwanawe. Dai hilo limekwisha kubatilishwa: usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo.

Basi, enyi wazazi, mtoto afikapo mwaka mmoja na nusu naye haitiki aitwapo, wala haonyeshi kitu kwa kidole, mpelekeni kwa daktari mapema. Mtoto ni amana. Na amana hutunzwa, haionewi haya.