Ratili, Kilo na Mtoto Mchanga

Katika mwaka wetu wa pili wa kazi tulifundisha Darasa la Sita namna ya kugeuza ratili kuwa kilo. Tuliandika ubaoni kwamba kilo moja ni ratili 2.2, tukafanya mifano miwili, tukatoa mazoezi. Darasa lilikuwa kimya, nasi tuliridhika. Jioni, tukisahihisha madaftari, tulifika kwenye swali la mtoto aliyezaliwa na uzito wa ratili 7. Zaidi ya nusu ya wanafunzi walijibu kuwa ni kilo 15.4.

Kuzidisha kwao kulikuwa sahihi kabisa. Lililotusikitisha ni kwamba watoto wale, ambao kila siku huwabeba wadogo zao mgongoni, hawakushangaa kuona mtoto mchanga akikaribia uzito wa debe la maji. Sisi ndio tuliowazoesha kuamini kanuni kuliko mikono yao.

Ndugu mwanachuo asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kilo za mwili. Mtoto wa ratili 44 ni wa kilo 20, na atakayeisoma 44 kama kilo atampa dawa zaidi ya mara mbili. Mwezi Julai 1983 ndege ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani nchini Kanada, kwa sababu wakokotoaji walitumia 1.77, yaani uzito wa lita moja ya mafuta kwa ratili, mahali pa 0.8, ambayo ni kwa kilo. Rubani aliitua Gimli bila injini, na watu wote 69 wakaokoka.

Wala ratili haijatoweka. Mabondia hutangaziwa uzito kwa ratili, na kikomo cha kilo 23 cha sanduku la msafiri kinatokana na ratili 50 za Wamarekani.

Basi siku ya pili tuliazima mizani dukani pamoja na jiwe kongwe la ratili moja. Kila mwanafunzi alilishika mkono mmoja, na mkono wa pili akashika pakiti ya sukari ya kilo. Tuliuliza swali moja tu: mzigo ule ule ukipimwa kwa kilo, idadi itakuwa kubwa au ndogo kuliko ya ratili? Ubishi ulichukua nusu ya kipindi, nasi hatukuukatiza. Hapo ndipo tulipowaonyesha njia ya kukisia: chukua nusu ya ratili, kisha toa sehemu moja ya kumi ya nusu hiyo. Ratili 50 huwa 25, kisha 22.5, jibu kamili ni 22.68. Kipimo chenyewe, kilo 0.45359237 kwa ratili, kilichokubaliwa mwaka 1959, tuliwaachia wenye maabara.

Tulirudia swali la mtoto. Wachache walikosea tena. Mmoja alikuwa ameandika 15.4, akaikata, akaandika 3.2, na pembeni kwa penseli: “habebeki”.