Kwa Baisikeli Toka Tanga Hata Mombasa

 Wengi wenu mnayo baisikeli, nanyi mwaitumia kwa kwenda shuleni, sokoni, au kumchukulia mgonjwa dawa. Chombo hiki si cha kale sana. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama wa mji wa Belfast, akaleta tairi lenye upepo ndani. Tangu siku hizo umbo lake halikubadilika sana. Watu wengi wadhani ya kwamba ni chombo cha safari fupi tu, lakini yaweza kumpeleka mtu mbali akiwa na subira. Basi nataka kuwaeleza habari za safari tuliyoifanya mwezi wa Agosti, mwaka 2023, mwalimu mmoja mstaafu pamoja nami, toka Tanga hata Mombasa.

Mwenzangu alikuwa na umri wa miaka 64, naye amenizidi miaka kumi. Tulifundisha shule moja kwa muda mrefu, na hata leo mimi humwita Mwalimu. Mke wake alifariki mwaka 2021. Marehemu alikuwa mtu wa Mombasa kwa upande wa mama. Bibi yake alizaliwa Frere Town, katika jamaa ya watu waliotolewa utumwani. Tangu walipooana alikuwa akimweleza mumewe habari za kengele ya mahali pale aliyooneshwa na bibi yake alipokuwa mtoto, akisema, “Mume wangu, sharti siku moja twende ukaione.” Naye Mwalimu hujibu, “Mwaka ujao, mama watoto.” Mwaka ujao ulikuja na karo za watoto, na uliofuata ulikuja na paa la nyumba, na hivyo miaka thelathini ikapita. Baada ya maziko Mwalimu akawa mtu wa kukaa kibarazani. Alikula kidogo, akasema kidogo, na baisikeli yake ikaota kutu ukutani.

Siku moja alinijia asubuhi akaniambia, “Ndugu yangu, nataka kwenda kuiona ile kengele. Nami nataka kwenda kwa baisikeli, maana nikipanda basi nitafika kabla sijafikiri neno lo lote.” Mwanawe mkubwa aliposikia hakupendezwa. Alisema, “Baba, kama ni nauli, mimi nitatoa.” Mwalimu akamjibu kwa upole, “Mwanangu, si habari ya nauli.” Ndipo kijana yule akanitazama mimi, nikaona ya kuwa ameniwekea baba yake mikononi mwangu.

Tulijitengeneza kwa majuma matatu. Kila jioni tulikwenda mwendo kidogo, kwanza kilomita 10, kisha 20, kisha 40, ili miguu izoee. Tulibadili tairi zilizochakaa, tukakaza spoku, tukatia mafuta mnyororo, na Mwalimu akanunua breki mpya za nyuma na mbele. Tulichukua pampu, viraka, gundi, msasa, spana mbili na mpira wa ndani mmoja kwa kila baisikeli. Mizigo tuliifunga chini juu ya keria kwa vipande vya mpira wa zamani, kwa kuwa mzigo uliopanda juu humyumbisha mpanda baisikeli upepo ukivuma.

Habari za upepo yafaa nizieleze. Mwezi wa Agosti kusi huvuma pwani yetu, nao hutoka upande wa kusini. Ndio upepo ule uliorudisha majahazi Arabuni zamani, kama vile kaskazi ulivyoyaleta kuanzia Desemba. Mombasa iko kaskazini ya Tanga; kwa hiyo kusi lilitusukuma mgongoni kama mkono wa rafiki. Mtu atakaye kwenda njia hii na aitazame kalenda kwanza, kwa maana kupambana na upepo siku nzima huchosha kuliko kupanda mlima.

Tulitoka Tanga alfajiri. Baada ya Amboni tukapita kati ya mashamba ya mkonge, safu kwa safu, mpaka macho yachoke. Mche huu nao ni mgeni: Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche toka Florida, Marekani, mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Hiyo ndiyo iliyozaa utajiri mkubwa wa Tanganyika wa baadaye. Mwalimu alisimamisha baisikeli akaitazama, akasema, “Sitini na miwili! Mwalimu akiwa na darasa la namna hiyo asikate tamaa.” Nilifurahi, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akifanya mzaha tangu msiba.

Toka Tanga hata mpaka wa Horohoro ni kama kilomita 65. Tulifika alasiri. Maofisa walizitazama hati zetu, wakazitazama na baisikeli zetu, na mmoja akatuuliza tumeharibikiwa na gari wapi. Tulipomwambia ya kuwa hatuna gari, alicheka akatutakia heri. Tulibadili fedha, tukalala Lunga Lunga, upande wa Kenya.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Tulivuka mto Umba, ambao huanza katika milima yetu ya Usambara ukaenda kuingia baharini Vanga. Jua lilikuwa kali, na malori yalipita karibu sana, hata mara nyingi tukashuka tukasimama majanini. Kisha mwiba ukatoboa tairi langu la nyuma. Nilipokuwa nikitia kiraka, Mwalimu aliketi chini ya mwembe, na nilipoinua macho nikaona uso wake umebadilika, amekuwa kama alivyokuwa kibarazani. Akasema, “Ndugu yangu, yatosha. Yeye hayupo tena. Nikiiona kengele, nitakwenda kumsimulia nani?”

Sikuwa na jibu jema, nami sikutaka kumpa jibu baya. Nilimpa maji, nikanywa na mimi, tukakaa kimya. Basi lingepita na kutupeleka ko kote, mbele au nyuma, nami nikamwambia hivyo, na kwamba lo lote atakalochagua nitalifuata. Tulikaa karibu na saa mbili. Mwanamke mmoja wa mahali pale alitoka nyumbani kwake akatuletea muhogo wa kuchemsha na nazi, akamwuliza, “Mzee, mwatoka wapi na mwaenda wapi?” Mwalimu akaanza kumjibu kwa neno moja moja, kisha, sijui namna gani, akamweleza habari zote: mkewe, bibi wa mkewe, na kengele. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi nenda, kisha urudi uwaambie wajukuu. Wao hawamjui bibi yao alikotoka.” Mwalimu akainuka, akaangalia breki zake, akapanda.

Jioni ile tukaipita njia igawanyikayo kwenda Shimoni. Huko yako mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungwa wakingoja majahazi. Mwalimu hakusema neno, lakini alikwenda polepole mpaka tulipokwisha kupita. Tukalala Msambweni.

Siku ya tatu njia ilikuwa njema. Upande wa kushoto tuliona milima ya Shimba, na upande wa kulia minazi. Tulipita Ukunda na Tiwi, na kabla ya magharibi tukafika Likoni. Mombasa ni kisiwa, na mtu ajaye toka kusini kwa njia ile huvuka kwa kivuko, au feri kama waitavyo wenyeji. Tulizisukuma baisikeli kati ya umati wa watu, wenye mikokoteni, wachukuzi wa samaki na watoto wa shule. Merikebu kubwa ilipita ikielekea bandari ya Kilindini, nasi tulionekana mbele yake kama dagaa.

Siku ya nne tuliutazama mji. Baisikeli tuliziacha kwa wenyeji wetu, maana vichochoro vya Mji wa Kale vyapendeza zaidi kwa miguu. Kwanza tulikwenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwenye kuitazama ramani yake aona mfano wa mtu aliyelala, kichwa, mikono na miguu. Waarabu wa Omani waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, na waliokuwamo wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Mwaka 1697 merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwasaidia, ilizama karibu na ngome. Vyombo vilivyotolewa humo twaliviona katika makumbusho. Wakati wa Waingereza ngome iliwekwa kuwa jela hata mwaka 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mwalimu alinikumbusha ya kwamba Wareno walikwenda zao lakini maneno yao hayakwenda: meza, leso, bendera na mvinyo ni yao, nasi twayatumia kila siku kama ya babu zetu.

Toka hapo tukaingia Mji wa Kale, penye milango ya nakshi na roshani za mbao, tukapita msikiti wa Mandhry uliojengwa karibu na mwaka 1570. Mji huu, Mvita, ndio mji wa Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa karne ya 19. Tukanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, tukala mahamri kwa mbaazi. Barabarani tuliziona pembe kubwa zilizopitana juu ya njia; si za tembo, ni za alumini, nazo ziliwekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme. Mwalimu aliyatazama yote vizuri na kuuliza maswali, lakini nilijua ya kuwa moyo wake u ng’ambo ya daraja.

Asubuhi ya siku ya tano tukapanda baisikeli, tukavuka daraja la Nyali kwenda bara ya kaskazini. Frere Town ilianzwa karibu na mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society, iwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa kwa Sultani Barghash wa Unguja katika shauri la kuikomesha biashara ile, na mwaka 1873 mkataba ukatiwa sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walikuwako pia waliotangulia kulelewa na kufundishwa Nasik, Bara Hindi, ambao waliitwa Waafrika wa Bombay. Nao wakawa walimu na mafundi. Watu wa kabila nyingi, ambao wengine hawakujua tena jina la kijiji chao, walifanya jamaa moja pale. Kengele iliwekwa ili ilizwe hatari ikitokea, watu wasije wakakamatwa mara ya pili. Mpaka leo mahali pale paitwa Kengeleni.

Kengele ipo kando ya barabara yenye magari mengi, na wapitao wengi hawaitazami. Mwalimu alishuka, akavua kofia, akasimama kitambo kirefu. Nilikaa nyuma nikizishika baisikeli zote mbili. Kisha akageuka, machozi yakimtoka, lakini alikuwa akitabasamu. Akasema, “Alinieleza ya kuwa ni kubwa mno. Kumbe ni yeye aliyekuwa mdogo.”

Hakusema neno jingine mpaka jioni. Usiku ule alikula vizuri, akaniomba karatasi, akaandika kurasa nne za habari za jamaa ya mkewe, jina kwa jina, kadiri alivyokumbuka. Tulirudi Tanga kwa basi, baisikeli zetu zikiwa juu, kwa kuwa kusi halirudi nyuma kwa ajili ya mtu. Siku hizi kurasa zile zimekuwa daftari zima, na wajukuu wake watatu wamezinakili kwa mikono yao.

Nawaandikia haya, enyi wenye nyumba na walimu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwenye baisikeli nzima na afya ya kadiri asiogope safari. Na azoeze miguu, atengeneze chombo, achague majira ya upepo, aondoke alfajiri, anywe maji kabla ya kuona kiu, na kwenda kwa mwendo wa yule aliye polepole zaidi. Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika kila nyumba yuko mtu ambaye amekwisha kuomba jambo mara nyingi, naye amejibiwa “mwaka ujao.” Huenda ni kwenda kuona kaburi la mama yake, au bahari, au shule aliyosoma. Wahenga wasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwulizeni mtu huyo usiku wa leo, na mtafute siku katika kalenda mkiwa bado ninyi wawili.