Sahihi Haiazimwi

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Baba yako mguu umepungua kuuma na ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, nikaurudia, kisha nikaona hili si la kujibiwa kwa simu. Maneno ya simu hupotea, na haya nataka uwe nayo siku utakayoyahitaji.

Umenieleza kikao cha asubuhi ambacho meneja wa tawi husoma majina ya waliokosa tageti na kuwaita mizigo mbele ya walinzi na wafagizi. Umenieleza kundi la WhatsApp linalolia saa nne usiku, na mwenzako aliyeuliza swali moja akaandikiwa barua ya kujieleza. Halafu, mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukasema meneja anawataka mfungue akaunti kwa majina ya wateja waliokuja kwa shida nyingine, fomu watajaza baadaye. Unaniuliza kama uache kazi kesho.

Naanza na la akaunti. Matusi yanauma, lakini la akaunti ndilo litakalokufikisha polisi.

Marekani kuna benki kubwa iitwayo Wells Fargo. Wakubwa wake waliweka lengo kwamba kila mteja auziwe bidhaa nane za benki: akaunti, kadi, mkopo, na kadhalika. Nane kwa mtu mmoja! Matawini wafanyakazi walibanwa kila siku kuhusu namba, na asiyezifikia aliona kazi inamponyoka. Wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mambo yalipofichuka rasmi, Septemba 2016, benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikasema kuwa kwa muda wa miaka mitano ilikuwa imewafukuza watu wapatao 5,300. Walio wengi walikuwa watumishi wa chini wa matawini. Mkuu wa benki, John Stumpf, aliondoka Oktoba mwaka huo, na ni Januari 2020 ndipo alipotozwa dola milioni 17.5 na kupigwa marufuku kufanya kazi za benki. Tazama mpangilio huo, mwanangu. Waliobanwa walifukuzwa kwanza, kwa maelfu. Aliyeweka lengo aliguswa mwisho, na alikuwa na mawakili.

Sababu yake ni nyepesi. Mkubwa wa namna hiyo hutamka tu, haandiki. Husema "fanyeni kama mnavyojua" na "mimi nataka namba", anatoka zake. Anayeingiza jina kwenye mfumo ni wewe, kwa nywila yako, na fomu inabaki na sahihi yako. Siku wakaguzi wakija kutoka makao makuu, karatasi itasema ni wewe, na yeye atashangaa pamoja nao. Katika miaka yangu ya ofisi ya utumishi nimekaa kwenye vikao vingi vya nidhamu. Kauli ya "niliagizwa" niliisikia mara nyingi, na sikuwahi kuiona ikimwokoa mtu asiye na ushahidi wa kuagizwa.

Kwa hiyo hilo usilifanye, hata mara moja, hata kwa jina la ndugu. Wala huhitaji kugombana. Akikuagiza kwa mdomo, rudi mezani kwako umwandikie barua pepe ya ofisi kwa adabu kamili: "Kufuatia maelekezo yako ya asubuhi kuhusu kufungua akaunti kabla mteja hajasaini, naomba uthibitisho wa maandishi ili nitekeleze kwa usahihi." Hataandika. Watu wa aina yake hawaandiki. Na wewe utakuwa na tarehe na saa ya kuuliza. Usifiche kwamba umeuliza, na usitangaze pia.

Nyumbani weka daftari. Andika siku, saa, nani alisema nini, nani alikuwepo. Andika kilichotokea na uache hasira zako nje ya daftari hilo, kwa sababu siku moja huenda likasomwa na mtu asiyekujua. Lakini sikiliza vizuri: taarifa za wateja usizipige picha, usizitume kwenye barua pepe yako binafsi, hata kama zinaonyesha uovu wao. Siri za wateja zinalindwa, na tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ukizitoa nje, umewapa sababu halali ya kukufukuza, na kosa lao litafunikwa na lako.

Sasa la kuacha kazi kesho. Usiache kesho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike hadi mtu akalazimika kuondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utaulizwa: ulilalamika wapi kabla ya kuondoka? Aliyeandika mistari miwili kwamba anaacha kazi "kwa sababu binafsi" amejifungia mlango mwenyewe. Barua za namna hiyo nimezipokea nyingi, zimeandikwa na watu wanaolia. Kwa hiyo kwanza lalamika kwa maandishi, kwa ofisi ya rasilimaliwatu, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO hapo, jiunge. Ukiwa peke yako utaonekana mkorofi. Na mambo yakifikia kuachishwa, kumbuka una siku 30 tu za kupeleka shauri la kuachishwa isivyo halali. Watu huzimaliza siku hizo kwa majonzi na kwa ushauri wa majirani.

Wakikuita ghafla wakakuambia "jiuzulu kwa heshima, andika hapa hapa", usiandike. Sema utajibu kwa maandishi, kisha simama utoke. Wakikufungulia shauri la nidhamu, wanapaswa kukupa angalau saa 48 za kujiandaa, na unaruhusiwa kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako.

Kuhusu usiku: saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na muda wa ziada ni kwa makubaliano na hulipwa mara moja na nusu. Simu ile ya saa nne izime. Wataona umebadilika, watanuna, kisha watazoea. Usingizi wako nauhesabu kuwa jambo kubwa kuliko unavyoweza kufikiri, maana mtu asiyelala huamua vibaya, na wewe una uamuzi mzito mbele yako.

Uamuzi wenyewe ni kuondoka. Hapo nakubaliana nawe. Meneja wako naye anabanwa na makao makuu, hilo nalijua, na namwonea huruma kama binadamu, lakini hofu yake anaigeuza fimbo ya kuwachapia ninyi, na tawi linaloendeshwa hivyo halitabadilishwa na msichana mmoja wa kaunta. Tafuta kazi ukiwa kazini, ukiwa na mshahara na akili imetulia. Hakikisha michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inaingia kila mwezi. Ukiitwa kwenye usaili mahali pengine, uliza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo aliondoka kwa nini, na utazame nyuso za wanaokujibu. Tena usikurupuke kuhama: miezi sita ya mwanzo kwa mwajiri mpya huna kinga ya kuachishwa isivyo halali.

Lipo moja linalonikosesha raha zaidi ya yote. Katika ujumbe wako ulicheka kidogo uliposema yule kijana wa mafunzo kwa vitendo alitukanwa hadi akatoka jasho. Najua hukucheka kwa ubaya. Ofisi ya majungu humfundisha mtu kufurahi kwamba leo zamu si yake. Kesho mtafute kijana huyo, mwelekeze kazi aliyoikosea, na mwonye naye asiingize jina la mteja yeyote bila sahihi. Ana namba yake kwenye mfumo kama wewe, na hana shangazi wa utumishi wa kumwandikia.

Likizo yako ya mwaka ni siku 28. Omba uje nyumbani, uje na mkataba wako na barua ya ajira tuvisome kifungu kwa kifungu. Kabla ya hapo nitumie picha ya ule ukurasa wa malengo uliosainishwa Januari. Nataka kuona kama kuna neno lolote ndani yake kuhusu ridhaa ya mteja.

Shangazi yako