Besi Ilivyoingia Sebuleni

Nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe nilizikariri tangu utotoni, Morogoro, lakini gitaa la besi lililomo ndani yake nimekuja kulisikia ukubwani.

Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na spika yake haikuzidi upana wa kiganja. Spika ndogo namna ile haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na redio ile ilikuwa bubu kabisa huko chini. Tulipata uimbaji na solo. Besi tuliikisia.

Kaka yangu ndiye aliyeanza kuitafuta. Alipata spika ya inchi 8 iliyotolewa kwenye redio mbovu, akaifunga kwenye mdomo wa mtungi wa mama wa maji, akaziba pembeni kwa matambara na kuiunganisha na redio kaseti. Nyumba nzima ikanguruma. Sababu yake nimeielewa baadaye: spika ikiwa wazi, mawimbi ya nyuma yake huzunguka na kuyaua ya mbele, na sauti nzito ndiyo hufa kwanza. Mtungi uliyafungia yale ya nyuma. Mama alidai mtungi wake siku hiyohiyo.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kisha zikafuata deki za CD na DVD, haukupita muda mrefu sabufa zikajaa madukani: kasha jeusi la kuweka sakafuni, spika mbili ndogo za kando, taa za rangi na rimoti. Kila aliyenunua aliisukuma konani na kupandisha besi mpaka mwisho. Bati likatetemeka, vikombe vikalia kabatini, na mwimbaji akawa anaimbia ndani ya pipa. Zile spika za kando ni ndogo mno, hivyo sabufa hulazimika kubeba hata sauti ya mwanamume. Kwangu huo haukuwa muziki, ulikuwa mtikisiko.

Aliyenibadilisha ni fundi mmoja wa Kariakoo. Nilikuwa tayari na amplifaya na spika mbili za ukubwa wa kati; alinishauri niongeze sabufa yenye vitufe vitatu: sauti, krosova ya kuamua sabufa ibebe sauti za chini ya kiwango gani, na fezi ya kuyapatanisha mawimbi yake na ya spika. Akaniambia, “Sabufa isikike kama haipo.” Nikaiweka juu ya kochi ninalokalia, nikapiga wimbo wenye besi ya kutembea, kisha nikatambaa kando ya ukuta nikisikiliza. Konani besi ilivimba. Katikati ya chumba ilipotea. Chumba changu kina urefu wa mita 4, na chumba cha urefu huo huvimbisha sauti za mitetemo kama 43 kwa sekunde, palepale ulipo ule waya mnene. Kwenye theluthi ya urefu wa ukuta, kila noti ilisikika sawa na nyingine, na hapo ndipo sabufa ilipohamia.

Krosova niliiweka kwenye mitetemo 80 kwa sekunde, kwa sababu chini ya hapo sikio halitambui kwa urahisi sauti inatoka upande gani. Fezi niligeuza huku na huku, nikaiacha pale besi ilipokuwa nene zaidi. Mwisho kabisa niliishusha sauti, kidogo kidogo, hadi sabufa ikajificha nyuma ya spika.

Jioni hiyo nilipiga nyimbo za Super Volcano, bendi ya Mbaraka. Mpiga besi alikuwa amesimama pale kati ya spika mbili, anatembea chini ya solo ya Mbaraka, anatangulia, anasubiri. Mtu huyo alikuwapo kwenye nyimbo hizi miaka yote.

Wewe mwenye sabufa konani, ivute hatua mbili na ushushe besi nusu. Jirani atakushukuru, maana sauti nzito haizuiwi kwa urahisi na ukuta, na mpiga besi atapata haki yake.