Vizimba Viwili

Jumamosi, 4 Januari 2025, Minneapolis

Wageni wamefika leo mchana. Ni chinchila wawili wa kike, ndugu wa tumbo moja, waliokuwa na familia inayohamia nyumba isiyoruhusu wanyama. Mmoja ana rangi ya chai ya maziwa, nimemwita Asali. Mwenzake ni wa kijivu, naye ni Ukungu.

Sebuleni wako wenyeji watatu: Bi Mkubwa na binti zake, Tausi na Shani. Bi Mkubwa ana gramu 640. Yeye ndiye wa kwanza kuoga vumbi, wa kwanza kuchagua majani, na rafu ya juu kabisa ni yake peke yake. Kwa chinchila jike ndiye mkubwa kwa umbo na kwa amri, kwa hiyo majike watano chini ya dari moja si jambo la kufanyia pupa.

Wageni nimewaweka chumbani kwangu, mlango umefungwa. Huko watakaa mpaka mwezi huu uishe. Nje ni baridi ya kukata masikio, lakini kwao hilo si taabu. Kinachowaua ni joto: likipita nyuzi 25 wanaanza kuhema na masikio kuwaka wekundu. Nyumba naiacha kwenye nyuzi 19, mimi navaa sweta.

Jumapili, 19 Januari

Utaratibu umekaa sawa. Nahudumia wenyeji kwanza, wageni baadaye, wala sigeuzi mpangilio huo hata nikiwa nimechelewa kazini. Kila upande una bakuli lake, ufagio wake na vumbi lake la kuogea. Nikitoka kwa wageni nanawa mikono mpaka kwenye viwiko na kubadili nguo ya juu.

Mpwangu aliniuliza jana, "Shangazi, si tuwaweke pamoja tu wazoeane?" Nikamwambia, mgeni anaweza kuja na mapunye yasiyoonekana bado, au vijidudu vya tumboni. Akiingia kundini kabla hatujamjua hali yake, tutauguliwa na wote watano. Pia, mnyama mwenye maumivu hupigana kuliko kawaida yake, au hushindwa kabisa kujitetea.

Tukaketi wote wawili kumkagua Asali. Kuona ngozi ya chinchila si rahisi, maana kitundu kimoja cha ngozi kinatoa nywele hamsini na zaidi. Huwezi kuyapanga manyoya kwa kidole. Unayapuliza. Nikapuliza taratibu nyuma ya sikio na manyoya yakafunguka duara, katikati pakaonekana ngozi safi ya rangi ya waridi, haina gamba wala kipara. Tukapuliza puani, kuzunguka macho, kwapani. Safi. Meno ya mbele ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, ndivyo yanavyopaswa kuwa.

Daktari wa mifugo amepima kinyesi chao, hakina kitu. Amehakikisha pia kwamba wote wawili ni majike. Hilo nililitaka kwa msisitizo. Chinchila hubeba mimba siku 111, na akishazaa anaweza kushika nyingine papo hapo. Dume mmoja aliyedhaniwa jike angetuvurugia kila kitu.

Jumamosi, 1 Februari

Leo vizimba vimekutana. Nimekileta cha wageni sebuleni nikakiweka ubavuni mwa kile kikubwa, nikiacha nafasi ya upana wa kiganja. Nafasi hiyo ni lazima. Meno ya chinchila yanapita kwenye waya, na kidole cha mguu kilichoshika waya wa jirani kinakatwa mara moja.

Bi Mkubwa alishuka kutoka rafu yake bila haraka. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, masikio ameyalaza. Meno yakaanza kugongana kwa mlio mkavu wa haraka haraka. Kisha akajiinua zaidi na kurusha mkojo kupitia kwenye waya, mstari mmoja ulionyooka, ukampata Ukungu begani. Jike la chinchila hutumia mkojo hivyo kumfukuza asiyemtaka, na shabaha yake ni ya kuaminika. Ukungu akarudi nyuma, akajipangusa, akapanda kwenye kijumba chake cha mbao. Asali hakurudi nyuma. Alibaki pale pale, naye akagonga meno.

Nimeandika hapa ili nikumbuke: Asali ndiye aliyejibu.

Jumatano, 12 Februari

Nimezungumza na Mama, aliye Tanga, leo asubuhi. Aliulizia hali ya wanyama wote watano, kisha akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Usiifungue kabla hajapajua pako." Alikuwa akifanya hivyo uani kwetu. Kuku aliyenunuliwa sokoni alifungwa kamba kwenye shina la mpera, au alifunikwa tenga, na wenyeji wakamzunguka, wakamchungulia, wakamchoka. Kamba ilipofunguliwa, kuku alikuwa ameshapata harufu ya ua na wenyeji wamekwisha maliza hamaki yao ya kwanza.

Vizimba viwili ndiyo kamba yangu. Kinachopita katikati yake ni harufu. Kila jioni nahamisha kitu: rafu ya mbao ya wenyeji inaenda kwa wageni, kijumba cha wageni kinakuja kwa wenyeji. Vumbi la kuogea sasa ni moja. Wakioga wenyeji watatu, sahani hiyo hiyo naipeleka kwa wageni, kesho naanza na wageni. Wanajigeuza ndani yake mpaka vumbi linapenya kwenye ngozi, na wanatoka wote wananukia kitu kimoja. Mara mbili sasa nimewahamisha kizimba kwa kizimba kwa saa chache, kila upande ukalala kwenye majani ya upande wa pili.

Tausi na Shani sasa wanalala wamejibana kwenye waya wa upande wa wageni. Bi Mkubwa hajagonga meno tangu juzi.

Jumamosi, 22 Februari

Tumewakutanisha bafuni, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anayepaita kwake. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Chinchila mwenyeji anapigania rafu, kona na bakuli lake. Ukimtoa humo, nusu ya hasira umeiacha nyuma.

Tumeziba mwanya chini ya mlango, tumetandika taulo sakafuni ili wasiteleze, tumeweka mirija ya udongo yenye midomo miwili. Kijumba chenye mlango mmoja ni mtego, anayekimbilia humo anakutwa huko huko. Mpwangu amevaa glavu nene za kuondolea theluji. Mimi nimeshika ubao wa kukatia mboga. Mkono mtupu hauingii kwenye ugomvi wao.

Tulianza na Ukungu na Shani. Wakanusana pua, Shani akampanda mgongoni, Ukungu akatulia, kisha wakaendelea na shughuli zao. Kupandana huko ni kuulizana nani mkubwa, hata majike kwa majike. Tausi akaja, akamkimbiza Ukungu mizunguko kadhaa, akamng'oa kishungi cha manyoya. Kishungi kilibaki sakafuni na Ukungu akaenda zake mzima: chinchila akishikwa huachia manyoya ili yeye aponyoke, na manyoya yataota tena baada ya miezi. Mpwangu alitaka kuwatenganisha. Nikamwomba asubiri, kwa sababu anayekimbizwa alikuwa bado anasimama kula majani katikati ya mbio. Nikiona hivyo sina wasiwasi.

Alama ninazozitazama ni hizi: kung'ang'ania kwa meno bila kuachia, kuviringishana kama mpira, kulia kwa sauti kali, damu. Ikitokea moja, kikao kimekwisha.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya futari tuliwaingiza Bi Mkubwa na Asali. Dakika za mwanzo zilikuwa njema, hata wakala majani kwenye rundo moja. Kisha Bi Mkubwa akampanda mgongoni Asali, na Asali akageuka akamkamata kwenye shingo.

Hawakukimbizana. Waliungana wakaviringika sakafuni, manyoya yakaruka yakajaa hewani. Nikawatupia taulo zito juu yao, giza likawafanya walegeze meno, nikapenyeza ubao katikati. Kila mmoja akaingia kwenye sanduku lake. Sikio la Asali lilikuwa linatoka damu. Nimemrudishia Ukungu saa ile ile, asilale peke yake akanuka ugeni kwa dada yake mwenyewe. Chinchila waliolelewa pamoja wakitenganishwa muda mrefu huweza kukutana tena kama maadui.

Majike hawa huwa kwenye joto kwa zamu tangu Novemba hadi Mei, na siku hizo subira yao hupungua. Lakini nilivyomwona Asali leo, sidhani ni siku tu.

Jumatatu, 3 Machi

Niliamka kula daku nikaenda kumtazama. Ndio saa yao ya uchangamfu, alfajiri na magharibi, lakini Asali alikuwa amejikunyata, bakuli lake halijaguswa. Mizani ya jikoni ikanionyesha gramu 521. Wiki iliyopita alikuwa 545.

Nikampapasa kwa ncha za vidole, maana manyoya hayo yanaficha kila kitu. Chini ya taya palikuwa na kitu kidogo kigumu. Nikapuliza, nikaona matundu mawili ya meno. Jeraha la namna hii likifunikwa na manyoya hutunga usaha bila mtu kujua, kwa hiyo tulikuwa kwa daktari mara tu walipofungua. Alinyoa kipande, akasafisha kwa maji ya chumvi, akachagua dawa kwa uangalifu: dawa za jamii ya penisilini zikipewa chinchila kwa mdomo huua bakteria wema wa tumboni, na tumbo husimama. Tumbo likisimama, mnyama hufa haraka kuliko jeraha lenyewe lingemuua. Ndiyo maana usiku huu namlisha uji wa unga wa majani kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Anameza. Bi Mkubwa nimempuliza mwili mzima, ana mikwaruzo tu.

Jumapili, 16 Machi

Asali amepona, amerudi kwenye gramu 540. Tumewakutanisha tena leo yeye na Bi Mkubwa kwa muda mfupi, waya katikati yao, na wote wawili waligonga meno papo hapo. Kwa Tausi na Shani, Asali hana neno. Ukungu hana adui.

Mpwangu amekuja na hesabu yake: "Shangazi, Ukungu wamempokea wote. Tumwingize kwa watatu, Asali abaki kwake." Kwa hesabu ya vichwa inapendeza, wanne kwa mmoja. Nimekaa na wazo hilo siku nzima.

Nimekuwa nikifikiria walikotoka. Chinchila ni wanyama wa Andes. Walinaswa kwa ajili ya manyoya mpaka wakakaribia kwisha, na karibu na Illapel, Chile, ipo hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1983 kwa ajili yao. Huko wanaishi kwenye nyufa za majabali, kundi linaweza kufika mia. Mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman alileta wachache California, na wengi wa wale tunaowafuga leo ni kizazi chao. Majike wawili wakichukiana kule mlimani, mmoja anahamia ufa mwingine, na bado ni jirani. Anayeshindwa ana mahali pa kwenda. Kizimbani anayeshindwa anakutana na aliyemshinda kila anapokwenda kunywa maji.

Kwa hiyo siwezi kusema Bi Mkubwa ni mkorofi au Asali ana roho mbaya. Wote wawili wanataka nafasi, na nafasi ninaigawa mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeamua, na nimemweleza mpwangu kwa kirefu wakati tukisubiri habari za mwandamo wa mwezi.

Ukungu hatoki kwa Asali. Wamelala ubavu kwa ubavu tangu kuzaliwa, na kumnyang'anya mmoja dada yake ili kundi letu lionekane kubwa ni dhuluma. Watatu watabaki watatu, wawili watabaki wawili. Vizimba vitakaa ubavu kwa ubavu, nafasi ya kiganja katikati, vumbi la kuoga litaendelea kuwa moja. Ukungu na Asali watacheza na Tausi na Shani bafuni jioni, chini ya macho yetu, maadamu wanaridhika. Bi Mkubwa atakuwa na zamu yake mwenyewe. Fedha nilizoweka kwa ajili ya kizimba kimoja kikubwa cha wote zinanunua cha pili kirefu chenye rafu, ili wageni nao wapate mahali pa juu.

Aliniuliza kama hiyo ina maana tumeshindwa. Nikamfungulia ukurasa wa uzito. Asali 548, Ukungu 515, Bi Mkubwa 643, Tausi na Shani wote wameongezeka. Hakuna jeraha jipya. Wote wanakula, wote wanalala mchana kutwa bila kushtuka. Nilipowapokea wawili hawa niliahidi kuwapa maisha mema, sikuahidi kwamba watakula bakuli moja na kila mtu. Chinchila aliyetunzwa vizuri huishi miaka kumi na mitano, hata ishirini. Sitamlazimisha yeyote kuipitisha miaka hiyo akitazama nyuma.