Nesi na Pesa, sehemu ya 9: Hela iko sokoni, na sisi tunatakiwa tuhame

Nimetoka zamu ya mchana, miguu imevimba, lakini niliahidi kuandika leo na naandika.

Wiki hii mmenitumia vichwa vya habari vya namna moja: mabilioni yayeyuka Soko la Hisa, mtaji wa soko washuka. Mama mmoja, mtoto wake ana miezi minne, kaniandikia maneno mawili tu: "Sista, niuze?"

Kabla sijamjibu, ngoja niwasimulie kilichonipata mimi. Sijawahi kukiandika humu kwa sababu bado kinanitia aibu.

Mwaka 2018 nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nimejibana kwa zamu za ziada mpaka nikafikisha 2,000,000. Nikamsikia mtu redioni akieleza gawio, jinsi mwanahisa anavyopata sehemu ya faida huku amekaa nyumbani. Nikavutiwa. Nikaenda kwa dalali wa hisa, nikafunguliwa akaunti, nikanunua hisa 4,000 za kampuni moja kwa 500 kila moja. Kampuni sitaitaja, kwa sababu kama mtakavyoona, haikunikosea chochote.

Mume wangu aliniuliza swali moja tu: "Na siku tukiihitaji?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Tunauza tu. Ni kama dhahabu."

Mtoto alizaliwa Novemba. Januari 2019 mwenye nyumba akaja, akakaa, akanywa na chai, halafu akasema kijana wake anaoa na anaihitaji nyumba. Mwisho wa Februari tuwe tumetoka. Dar mnaijua: nyumba ya 200,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi, na dalali wa nyumba anataka mwezi wake mmoja. Jumla 1,400,000. Mume wangu ni fundi umeme, na Januari kazi hakuna. Mimi niko likizo ya uzazi, mtoto ana miezi miwili.

Sikuogopa. Si hela ipo?

Nikaenda kwa dalali wa hisa na mtoto mgongoni. Bei ilikuwa imeshuka mpaka 420. Nikapiga hesabu: 4,000 mara 420 ni 1,680,000. Nimepata hasara, ila kodi inatosha. Nikajaza fomu ya kuuza, nikarudi nyumbani nikaanza kufunga vyombo.

Wiki ikapita. Nikapiga simu. Yule dada wa ofisini akaniambia, "Dada, hakuna mnunuzi."

"Lakini si bei ni 420?"

"Hiyo ni bei ya mtu wa mwisho aliyenunua. Na huyo alinunua wiki tatu zilizopita."

Jamani. Hiyo sentensi mtu alipaswa kunipa kabla sijanunua. Mimi nilidhani soko la hisa ni kama duka la kubadilisha fedha, kwamba ukifika na mali yako wanakupa hela. Kumbe ni soko kweli, kama la Kariakoo. Lazima awepo mtu anayetaka ulichonacho, kwa bei unayoitaka, siku uliyokwenda. Soko letu la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Mpaka leo kampuni bado ni chache, na baadhi ya hisa zinaweza kukaa siku nyingi bila mtu hata mmoja kuzigusa.

Nikashusha bei mpaka 400. Zikaondoka hisa 400, yaani 160,000. Zilizobaki 3,600 zikalala.

Tarehe 20 Februari bado hatukuwa na nyumba. Wodini tulikuwa na mchezo wa manesi 10, kila mtu 150,000 kwa mwezi. Februari ilikuwa zamu ya sista mmoja mkubwa kwangu kiumri, aliyenifundisha kumtafuta mtoto mchanga mshipa. Alikuwa anajenga Chanika. Alishahamia kwenye vyumba viwili vilivyofunikwa turubai, na hela ile ilikuwa ya bati. Nikampigia nikilia. Akanisikiliza, akasema, "Chukua wewe. Bati halinyonyi."

Tukahama tarehe 26.

Masika ikaja. Mwezi Aprili sista akawa anaingia zamu macho mekundu, kwa sababu usiku anakesha na mabeseni akikinga mvua isiwafikie watoto. Hakuniambia neno. Niliambiwa na mwingine. Kila mvua ilipopiga usiku nilikuwa macho, nimelala pakavu chini ya paa ambalo lilipaswa kuwa lake.

Hisa zangu ziliisha kuuzika mwisho wa Aprili, kidogokidogo, nyingine kwa bei ya chini zaidi. Baada ya makato yote nilipata kama 1,485,000 kutoka kwenye ile 2,000,000. Sikuilaza hata siku moja, nikampelekea sista na kuongezea iliyopungua. Alipopata bati, mifuko 6 ya saruji ilikuwa imeshaganda.

Sasa sikieni. Kampuni haikunitapeli. Dalali hakunitapeli. Soko halikunitapeli. Hisa zilikuwa mali halali. Kosa ni kwamba niliipeleka hela ya kodi mahali panapofaa hela ya miaka kumi. Na gharama ya kosa langu, mtu mwingine aliilipa kwa kunyeshewa na wanawe.

Tangu hapo nimejifunza kusoma habari za soko, sio kwa ajili ya utajiri, ila nisidanganyike tena. Nawapa niliyoyashika.

Kwanza, bei unayoiona ni kumbukumbu ya mauzo ya mwisho. Sio ahadi kwamba kesho kuna mtu atakulipa hiyo. Pamoja na bei, angalia hisa ngapi zimeuzwa siku hiyo. Zikiwa chache sana, bei hiyo isikutishe na isikulevye.

Pili, hayo mabilioni "yaliyoyeyuka". Mtaji wa soko ni bei ya hisa moja mara hisa zote za kampuni, hata zile ambazo wenyewe wamezifungia kabatini na hawana mpango wa kuziuza. Chukua CRDB, ina hisa takriban bilioni 2.6. Bei ikishuka shilingi 10 tu, hesabu inasema shilingi bilioni 26 zimepotea. Hazikubebwa na mtu. Hakuna lori lililozipakia. Ni hesabu ya makaratasi, na ikipanda shilingi 10 kesho, gazeti litasema bilioni 26 zimeingia. Zote mbili ni kweli, na zote mbili hazikuambii kama wewe uuze.

Tatu, angalia kama ni msimu wa gawio. Kampuni hutangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Ukichelewa hiyo tarehe, gawio la awamu hiyo hulipati, kwa hiyo kwa kawaida baada ya hapo bei hulegea kidogo. Huo sio ugonjwa. Ni kama mama aliyejifungua jana, uzito umepungua na sababu tunaijua, amelala pembeni yake. Na gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni linakatwa kodi ya zuio asilimia 5, usishangae ukiona pungufu.

Nne, na hili mama wote mnaliweza kwa sababu mmeshika kadi ya kliniki. Mtoto akipungua gramu 200 mwezi mmoja, tunauliza: alihara? Anaota meno? Halafu tunaangalia mstari mzima, umetoka wapi na unaelekea wapi. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa 150. Mwaka 2019, miaka kumi baadaye, zilikuwa zimeshuka chini ya hapo. Aliyeuza wakati huo aliuza kwa hasara. Mwaka 2022 zilikuwa zimevuka 300.

Lakini msinielewe vibaya. Sio kila kinachoshuka kitapanda. Nesi akiona mstari wa mtoto umelala miezi mitatu mfululizo hasemi "tusubiri", anatafuta sababu. Kwa kampuni, sababu zinaonekana kwenye taarifa za fedha inazotoa. Je, bado inapata faida? Bado inalipa gawio? Madeni yanaongezeka? Mstari ukishuka na majibu nayo ni mabaya, hapo kuuza ni akili, sio woga.

Mimi leo nagawa hela mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la dharura: kodi, hospitali, nauli ya msiba. Hili haliendi kwenye hisa, hata aje nani na suti yake. Linakaa benki, au mahali ninapoweza kulitoa ndani ya siku chache za kazi. Mimi natumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, wale walioanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Wewe angalia kinachokufaa, ila uliza swali moja kabla ya yote: nikiomba hela yangu leo, naishika lini?

Fungu la pili ni la ada na mambo yenye tarehe inayojulikana. Nalo halichezewi.

Fungu la tatu ni hela ya mbali, ya mtoto akiwa mkubwa. Hili ndilo linaloweza kununua hisa. Likishuka mwaka huu, nyumbani tunakula vilevile, tunalala vilevile. Ni dogo, miezi mingine ni 20,000, miezi mingine sifuri. Sio siri.

Na yeyote anayekuahidi faida ya uhakika kila mwezi, kubwa kuliko benki zote, muulize leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akianza kukuonyesha picha za magari, ondoka.

Sasa nakujibu mama wa miezi minne. Sijui kama uuze. Mimi ni nesi, sio mshauri wa fedha. Lakini nakuuliza kama mume wangu alivyoniuliza mimi nikamjibu kwa kiburi: na siku mkiihitaji? Kama hela iliyoko kwenye hisa ndiyo hela pekee mliyonayo na mtoto ni mchanga, basi tatizo lako sio habari ya wiki hii. Lilikuwepo hata wiki bei ilipokuwa inapanda. Anza taratibu kujenga fungu la dharura, hata kama ni kwa kupunguza hisa kidogokidogo wakati hujabanwa, maana anayeuza akiwa amebanwa hachagui bei. Na kama dharura yako iko salama pembeni na kampuni yako inaendelea vizuri, funga simu, mnyonyeshe mtoto, ulale. Habari ya soko itakuwepo na kesho.

Sista wangu ameshastaafu. Nyumba ya Chanika imekamilika, ina bati la rangi ya bluu. Mwaka jana nilipita kumsalimia na mvua ikatukuta ndani. Ilipiga kwa nguvu mpaka tukashindwa kusikilizana. Akaniangalia, akacheka, akanisukumia kikombe cha chai. Nami nikacheka, ila mwenzenu koo lilikuwa limekaba.

Sehemu ya 10 nitaongelea hatifungani za serikali, kwa sababu wengi mmeuliza. Kwa leo niandikieni kwenye maoni: fungu lako la kwanza linatosha kodi ya miezi mingapi? Hata ukisema sifuri hatucheki mtu humu. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye sifuri, nikiwa na mtoto mgongoni na hisa 3,600 zisizo na mnunuzi.

Usiku mwema. Mtoto akiwa na homa usingoje asubuhi, mpeleke.