Picha na Daftari Lake

Wahenga walituachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini waliisema kwa ajili ya wenye maduka, lakini mimi naona inawahusu wapiga picha pia, tena zaidi. Duka likikosa hesabu, hasara huonekana mwisho wa mwezi. Picha ikikosa maelezo, hasara yake huchukua miaka thelathini kuonekana, na kufikia hapo aliyeweza kuulizwa ameshaondoka.

Nayasema haya kwa sababu ya mtihani wa binti wa kaka yangu. Alikuwa akisoma katika shule moja ya kimataifa, akijiandaa kwa diploma ya International Baccalaureate, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa sanaa, ambayo yeye aliifanya kwa kamera. Desemba 2017 ukoo wetu ulipokusanyika Kilema kwa Krismasi, kama ilivyo desturi yetu Wachagga, alikuja na kamera, madaftari mawili na karatasi ya masharti ya watahini.

Masharti yale yanafaa kuelezwa. Kwa ngazi ya juu aliyoichagua, alitakiwa kuandaa maonyesho ya kazi 8 hadi 11, pamoja na maelezo yasiyozidi maneno 700. Hayo yalibeba alama 40 katika 100. Alama nyingine 40 zilikuwa za kurasa 13 hadi 25 zinazoonyesha jinsi kazi ilivyokua: majaribio, picha zilizoharibika, sababu za kuchagua hii na kuiacha ile. Alama 20 zilizosalia zilikuwa za kulinganisha kazi za wasanii wengine. Maana yake ni kwamba safari ilipewa uzito uleule wa kufika.

"Baba mdogo," aliniambia, "hata picha mbovu ina faida, mradi niweze kueleza ubovu wake umetoka wapi."

Kwa mtu wa Kilema, hoja hiyo si ngeni. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri kuja huku mwaka 1848. Akiwa njiani, tarehe 11 Mei, aliiona theluji ya Kibo. Kisha akafika Kilema kwa Mangi Masaki. Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa Uingereza ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alizikanusha. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Rebmann hakuwa na picha ya kumwonyesha. Alikuwa na shajara tu, yenye tarehe na njia aliyopita. Ilibidi Baron Carl Claus von der Decken aje mwaka 1861 na tena 1862 ndipo ukweli wa shajara ile ukathibitika.

Mfano wa pili ni wa picha zenyewe. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupima mlima wetu kwa kutumia kamera, wakijua kila picha imepigwa kutoka wapi. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaweza kusema kwamba wakati ule barafu ya Kilimanjaro ilienea karibu kilomita za mraba 12, na kwamba kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimesalia chini ya 2. Kama wapimaji wale wangepiga bila kuandika, leo tungekuwa na picha za kupendeza za mlima, basi.

Sasa linganisha na sanduku la mama yangu. Ndani yake kulikuwa na picha ya wanaume watano waliosimama mbele ya kanisa, wamevaa makoti mazito, nyuso zao zimekaza. Nyuma hapakuwa na hata neno moja. Mama alimtambua mmoja tu, tena kwa masikio yake.

Binti yetu alichagua kupiga picha za kihamba cha bibi yake na mfereji uletao maji. Kila siku aliandika kabla ya kula chakula cha jioni. Nimeruhusiwa kunukuu ukurasa mmoja: "Saa 12:40 asubuhi. Ukungu. Nimesimama upande wa juu wa mfereji, mlima uko mgongoni. Picha 14, nimebakiza 2. Bibi hataki kupigwa akiwa ameinama. Anasema mshare niliouita mgomba tu una jina lake."

Bibi naye hakuwa mtu wa kupigwa picha kirahisi. Alitaka kujua hao watakaoziangalia ni akina nani, wako wapi, na kama wanajua adabu. Alipoelezwa, alikubali kwa sharti kwamba kila kitu kiandikwe kwa jina lake halisi. Basi akawa mwalimu: hapa ndipo maji yanapogawanyika, zamu ya fulani ni siku fulani, masale haya matatu aliyapanda babu yako kuonyesha mpaka.

Asubuhi ya tarehe 26 bibi alikwenda peke yake migombani, kwenye kaburi la mumewe. Alikuwa anang'oa magugu huku anazungumza naye polepole. Mjukuu alikuwa nyuma ya migomba, akabonyeza mara moja. Nimeiona picha ile. Mwanga ulipenya kwenye majani ukaangukia mikono ya mama. Hakuna nyingine katika kazi yake yote iliyoikaribia. Jioni alimwonyesha bibi. Bibi akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Pale nilikuwa na mwenzangu. Sikuwa na mgeni."

Hakuna aliyemkataza kuitumia. Mtahini asingejua, na picha ile ingeyainua maonyesho yake. Binti alikaa siku mbili bila kupiga chochote. Siku ya tatu alichora kwa penseli fremu tupu katika daftari, ukubwa uleule wa picha. Chini yake aliandika ilikuwa picha ya nini, ilipigwa lini, na kwamba haipo kwa sababu mwenyewe hakuulizwa. Picha yenyewe akaifuta mbele ya bibi. Mimi naamini ukurasa ule ulikuwa ushahidi mzuri wa msanii kuliko picha iliyofutwa.

Aliniambia pia kwamba wapo wanafunzi wanaosubiri wiki ya mwisho, kisha wanakaa usiku kucha wakijaza daftari la miezi sita, wakibadilisha kalamu ili tarehe zionekane za kweli. Huenda wengine hufaulu. Lakini daftari la namna hiyo haliwezi kuwa na ule mshare. Jina hilo lilipatikana kwa sababu mtu alikuwapo, akakosolewa, akaandika siku ileile.

Alifaulu, tukafurahi. Mwaka 2021 mama alifariki. Baada ya matanga ulizuka ubishi kati ya ndugu zetu wawili juu ya mpaka wa kihamba. Picha za mtihani zililetwa. Masale yalionekana wazi, lakini kila mmoja akayasoma kwa faida yake. Hapo likafunguliwa daftari, likasomwa kwa sauti: masale matatu, yalipandwa na babu, bibi amesimama upande wa mfereji akionyesha kwa mkono wa kulia. Kukawa kimya. Mkubwa wao akasema, "Hayo ni maneno ya mama," na habari ikaishia hapo.

Ndugu msomaji, yamkini nawe una sanduku la picha chini ya kitanda, au mamia ya picha ndani ya simu yako. Kama yupo mzee anayeweza kuwataja walio ndani, mwendee wiki hii. Chukua penseli laini, kwani wino hupenya karatasi. Andika nyuma ni nani, wapi na lini. Na kama aliyepigwa bado yu hai, muulize kama ameridhia ionekane.